Mapacha wangu wamelelewa nyumba moja lakini tabia mbingu na ardhi. Hivi ni nani anamjenga mtu?

mama_wawili

Wadau habari za saa hizi. Nina swali limeninyima usingizi wiki nzima, naomba mnijibu kwa ustaarabu, wale wa matusi mpite tu.

Nina mapacha, wa kiume wote wawili, wana miaka 7. Sio wa kufanana, yani ukiwaona unajua ni ndugu ila huwezi kuwachanganya. Wamepishana dakika 11 kuzaliwa, wamenyonya ziwa moja, wanalala chumba kimoja, hata homa ikija inawapiga wote. Lakini ukija kwenye tabia sasa, aisee. Wa kwanza mpole, ukimtuma anaenda, wageni wakija anasalimia anakaa pembeni. Wa pili moto wa kuotea mbali, hatulii, anajibu kabla hujamaliza kuuliza, shuleni kila wiki naitwa kwa ajili yake.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jumamosi tulikuwa na wageni sebuleni, watoto wako chumbani, mara tukasikia kitu paaa. Wote tukaita jina la wa pili. Nikisema wote namaanisha wote, mimi, baba yao, bibi yao, hadi mgeni ambaye ilikuwa mara yake ya pili tu kufika kwetu. Nikakimbia chumbani nakuta glasi iko chini vipande vipande, wa kwanza kapanda juu ya kitanda, wa pili yuko kona ya mbali kabisa kaweka mikono nyuma anasema "sio mimi, sio mimi" na hapo hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Nikamfokea weee. Baadae kabisa ndo wa kwanza anasema kwa sauti ndogo "mama ni mimi". Yani aliniacha nimfokee mwenzie karibu dakika nzima kwanza.

Sasa swali langu. Huyu wa pili amezaliwa mkorofi, au sisi tuliomzunguka ndo tumemfanya awe mkorofi? Shemeji yangu anasema mtoto anakuja duniani na tabia zake, usijichoshe. Mi siamini moja kwa moja. Mnasemaje?

---

Nahodha_mkavu

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mada imeisha. Umemlegezea huyo wa pili mapema sasa hivi unavuna. Samaki mkunje angali mbichi dada, miaka 7 bado hujachelewa, mkaze.

---

sauti_ya_jirani

@Nahodha_mkavu we kila uzi jibu lako ni "mkaze" hahaha. Kasema wamelelewa pamoja, sasa kama ni malezi mbona wa kwanza hajaharibika? Soma swali kwanza mkuu.

---

Nahodha_mkavu

Mwana wa nyoka ni nyoka basi, chagua mojawapo.

---

sauti_ya_jirani

Sasa umetupa methali mbili zinazopigana zenyewe kwa zenyewe, afu unatuachia sisi tuamue ugomvi. Dah.

---

kalamu_butu

Dada mama_wawili hilo tukio la glasi ulivyolisimulia ni darasa zima la sosholojia, na sitanii.

Kuna mtaalamu wa Marekani aliitwa Charles Horton Cooley, mwaka 1902 alileta wazo la nafsi ya kwenye kioo. Kwa lugha nyepesi alikuwa anasema mtu hajioni moja kwa moja, anajiona kupitia nyuso za wenzake. Kwanza nawaza wewe unanionaje. Halafu nawaza, baada ya kuniona hivyo, unanihukumuje. Halafu ndani yangu inatoka hisia, ama najivuna ama naona aibu. Hiyo hisia ikijirudia mara elfu moja ndo inageuka kuwa "mimi ni mtu wa namna hii". Na Cooley mengi ya haya aliyapata kwa kuwachungulia watoto wake mwenyewe nyumbani, kama unavyofanya wewe hapa.

Sasa mrudie mwanao pale kwenye kona. Anasema sio mimi kabla hajaulizwa. Huyo mtoto ameshajua kioo kitaonyesha nini kabla hajasogea karibu nacho. Miaka 7 tu na ameshajua kwamba kitu kikipasuka mahali popote ndani ya nyumba hiyo, jina litakaloitwa ni lake. Hadi mgeni analijua.

Tena angalia kitu kingine. Baada ya Cooley kuna mwingine wa Chicago, George Herbert Mead, yeye alikuwa anaangalia sana michezo ya watoto. Mtoto mdogo anacheza kuwa mama, kuwa daktari, kuwa dereva, anavaa nafasi ya mtu mmoja mmoja. Akikua kidogo anaingia kwenye michezo yenye timu na sheria, na hapo hawezi kucheza kama hajui kila mwenzie anategemea nini kutoka kwake, kwahiyo anaanza kubeba kichwani matarajio ya kundi zima sio ya mtu mmoja tena. Kwa Mead hapo ndo nafsi inapokamilika. Watoto wako wapo kwenye umri huo kabisa. Na kundi la kwanza kwao ni familia, na kwenye hiyo timu nafasi zimeshagawiwa, mmoja mpole mmoja mkorofi. Hata yule mpole ameshajua kucheza namba yake vizuri sana, alikaa kimya kwa sababu anajua lawama zina njia yake na haipiti kwake.

Sisemi umewaharibu watoto. Nasema nafasi zikishagawiwa zinajiendesha zenyewe.

---

seli_hai

Naheshimu wanasosholojia ila hapa naona mnataka kumbebesha mama wa watu mzigo wote. Ngoja nilete upande wa pili, nafanya kazi za maabara kidogo naelewa haya mambo ya jeni.

Kwanza mapacha wasiofanana ni kama ndugu wengine wa kawaida tu, wanachangia kama nusu ya zile jeni zinazotofautiana kati ya watu. Kwahiyo kushangaa kwamba hawafanani tabia ni kama kushangaa hawafanani sura.

Pili, mwaka 1979 chuo kikuu cha Minnesota Thomas Bouchard alianza kuwatafuta mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga, wakalelewa na familia tofauti, akawapima mmoja mmoja. Wale wa kufanana, hata waliokua hawajuani kabisa, walikuwa wanafanana kitabia kuliko unavyotegemea. Ukichukua tafiti za mapacha kwa ujumla, tofauti za haiba kati ya watu zinaelezwa na urithi kwa kama asilimia 40 hadi 50 hivi.

Tatu, na hii ndo inawakera watu wa malezi, ile sehemu ya kukua nyumba moja na wazazi walewale inachangia kidogo mno kuwafanya ndugu wafanane haiba. Kidogo mno. @Nahodha_mkavu umeliona hilo?

Halafu kuna Jerome Kagan wa Harvard. Alikuwa anachukua vichanga wa miezi 4, anawaonyesha vitu vigeni, sauti ngeni, harufu ngeni. Kama mmoja katika kila watano alikuwa anarusha mikono na miguu na kulia, wengine wametulia tu wanaangalia. Wale waliokuwa wanatapatapa ndo walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuja kuwa watoto wenye aibu na woga wa watu wageni. Miezi minne mkuu, jamii gani imeshamjenga hapo? Hajui hata jina lake.

---

Nahodha_mkavu

Sasa kama ni asilimia 50 basi nusu ya mtoto ni jeni nusu ni malezi, si ndo hivyo? Basi akaze kwenye ile nusu yake.

---

seli_hai

Hapana, hapo ndo watu wengi wanapotelea. Hiyo asilimia haisemi nusu ya mwanao imetoka huku na nusu kule, kama vile unachanganya ndoo mbili za maji. Inaongelea tofauti kati ya watu wengi, kwenye kundi fulani, kwa wakati fulani. Mtu mmoja humgawi hivyo. Ni kama kuuliza eneo la uwanja limetokana zaidi na urefu au na upana.

Na kwa sababu niwe mkweli nimalizie habari ya Kagan maana nimeiacha katikati. Wale vichanga wa kutapatapa wengi wao hawakuja kuwa waoga wa kupindukia. Wazazi waliokuwa wanawasogeza taratibu kwenye vitu wanavyoviogopa, badala ya kuwafunika kila mara, watoto wao walipungua ule woga. Kwahiyo unazaliwa na mwelekeo, ila mwelekeo unaweza kupindishwa. Nimekubali hapo kidogo @kalamu_butu usifurahi sana.

---

kalamu_butu

Nimefurahi tayari.

Ila niongeze hapo kwenye "nyumba moja". Hao mapacha hawajawahi kuishi kwenye nyumba moja. Kuta ndo zilezile. Mmoja anaishi kwenye nyumba ambayo kikipasuka kitu watu wanakuja kuuliza amekatwa? ameumia? Mwingine anaishi kwenye nyumba ambayo kikipasuka kitu jina lake linaitwa na wageni. Hizo ni jamii mbili tofauti. Mtoto mwenye haraka ya kuzaliwa nayo anawafanya watu wamjibu kwa ukali, ule ukali unamfanya ajihami, kujihami kwake watu wanakuita ukorofi, wanaongeza ukali. Sasa hapo jeni imeishia wapi na jamii imeanzia wapi? Uzi umeshasukwa, huwezi kuuchomoa mmoja ukabaki na kamba.

---

mzee_wa_kamusi

Samahanini naingilia, mi sio mtaalamu wa hayo ya kwenu, mi ni mtu wa maneno tu. Nimekaa nasoma naona nusu ya ugomvi wenu ni wa Kiswahili.

Neno tabia tunalitumia kwa kila kitu. Mtoto akirusha jiwe, hiyo tabia mbaya. Mtu mkimya toka utotoni, ndo tabia yake. Kuchelewa kazini, tabia. Hata hali ya hewa ya nchi nayo tunaiita tabia ya nchi. Sasa mnachoongelea ni vitu vitatu. Kuna hulka, lile joto au ubaridi mtu anaokuja nao, hao vichanga wa seli_hai. Kuna mazoea, vitu mtu anavyofanya kwa kuzoea na anaweza kuviacha akizoea vingine. Na kuna haiba, ule mchanganyiko mzima unaofanya watu waseme "fulani bwana, namjua". Mama_wawili ameuliza kuhusu ukorofi, na ukorofi sio hulka. Hakuna kichanga mkorofi. Kuna kichanga mwenye haraka, mwenye sauti, mwenye kuchoka upesi. Ukorofi ni hukumu, lazima awepo mtu mwingine wa kuitoa.

Ni hayo tu, endeleeni.

---

sauti_ya_jirani

Mzee shikamoo. "Lazima awepo mtu mwingine wa kuitoa", hiyo nimeiandika pembeni.

---

mwl_mstaafu

Mimi nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi, niseme kitu ambacho walimu huwa hatukisemi mbele ya wazazi.

Mwanzo wa mwaka kabla hata watoto hawajaingia darasani tunakuwa tumeshakaa chumba cha walimu, mwenzio aliyewafundisha mwaka uliopita anakupitishia orodha kwa kidole. Huyu hana shida. Huyu mzito. Huyu, ah, huyu utamjua mwenyewe. Unacheka, unaenda darasani. Na kweli unamjua mwenyewe, kwa sababu umeingia ukiwa unamtafuta. Watoto 4 wanaongea nyuma, jicho lako linamwangukia yule mmoja. Anakaa mbele ili umuone vizuri, kwahiyo unamuona vizuri zaidi kuliko wote, kwahiyo makosa yake ni mengi kuliko ya wote. Hesabu rahisi kabisa na sikuiona kwa miaka.

Kuna mwaka niligoma kusikiliza orodha. Nilichelewa makusudi nisiwepo. Nikakaa na darasa wiki 3 ndo nikaenda kuuliza. Kati ya wale "utamjua mwenyewe" wawili, mmoja nilimjua kweli, alikuwa na shughuli nzito yule. Mwingine sikuwa nimemuona kabisa. Nilikuwa nimempa kazi ya kugawa madaftari na alikuwa anaigawa vizuri tu.

Kwenye vitabu hii imeandikwa. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha utafiti wao wa shule moja ya msingi huko California, walimu waliambiwa kuna watoto fulani mwaka huu watachanua kiakili, kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka hao watoto waliongezeka alama za akili kuliko wenzao, hasa wale wa madarasa ya chini kabisa. Utafiti wenyewe umekosolewa sana na zilizofuata zinaonyesha nguvu ya matarajio ya mwalimu ipo lakini sio kubwa kama ilivyotangazwa mwanzo, hivyo msije mkaenda kuwapigia kelele walimu. Lakini mimi nilikuwa ndani ya chumba kile, najua orodha inavyopitishwa.

Mama, omba wanao watenganishwe madarasa kama shule ina mikondo miwili. Pacha akikaa na pacha mwenzie darasa moja mwalimu hawaoni wawili, anaona mmoja na kinyume chake.

---

binti_kimya

Nimesita kuandika ila ngoja niandike. Wote mnamuonea huruma yule wa pili, mi nilikuwa yule wa kwanza.

Kwetu tulikuwa watano na mimi nilikuwa "mpole". Mama alikuwa ananisifia mbele ya watu, huyu wangu hana maneno, huyu hata umuweke wapi anakaa. Nilikuwa naipenda hiyo sifa jamani, nilikuwa nainywa kama maji. Sasa fikiria mtoto anayesifiwa kwa kutosema, siku akiwa na la kusema anafanyaje? Nilikuwa naumwa jino siku 3 sijasema. Nilionewa shuleni mwaka mzima sijasema. Dada yangu aliyekuwa mropokaji alikuwa anapewa kila kitu kwa sababu alikuwa anaomba, mi nilikuwa napewa sifa.

Nikaja kupata kazi mbali, mji ambao hakuna mtu hata mmoja ananijua. Wiki ya kwanza kwenye kikao bosi akauliza nani ana maoni, nikasikia mtu anaongea, ni mimi. Sijui ilitoka wapi. Mtu akacheka nilichosema, nikaongeza kingine. Baada ya mwezi kule ofisini nikawa ndo msemaji, wakiwa na malalamiko wananituma mimi kwa bosi. Hawakujua kwamba mimi ni mpole, hakuna aliyewaambia.

Sasa likizo narudi nyumbani. Nafungua mlango, nasema hodi, na sauti inayotoka ni ile ndogo. Naapa sikuipunguza mimi. Nikakaa kwenye kile kiti changu cha pembeni. Shangazi akasema "huyu hajabadilika hata kidogo" na mimi nikatabasamu. Miaka 31 nina watu wananipigia simu niwaombee mambo yao kwa wakubwa, halafu nyumbani nashindwa kuuliza remoti iko wapi.

Kwahiyo mama_wawili hata lebo nzuri ni lebo. Yule wa kwanza kukaa kimya dakika nzima msimuite muongo. Alikuwa hajui mpole akivunja glasi anatakiwa afanye nini.

---

mama_wawili

@binti_kimya nimesoma hii nimefunga simu nikaenda kuwaangalia wamelala. Asante mdogo wangu. Sikuwahi hata siku moja kumfikiria yule wa kwanza kama ana tatizo.

---

BwanaHoja

Uzi mtamu ila mmesahau watoto wenzao. Mnaongelea wazazi na walimu tu kana kwamba mtoto anaishi na watu wazima.

Kuna mama mmoja wa Marekani Judith Rich Harris, historia yake yenyewe ni hadithi. Mwaka 1960 Harvard walimuondoa kwenye masomo ya udaktari wa saikolojia, barua ikasainiwa na George Miller aliyekuwa anakaimu idara. Akawa anakaa nyumbani anaandika vitabu vya kiada, hana chuo hana cheo. Mwaka 1995 akatoa makala akisema kinachomjenga mtoto haiba nje ya jeni ni kundi la rika lake kuliko wazazi. Makala ikapewa tuzo, na tuzo yenyewe imepewa jina la nani? George Miller huyohuyo aliyemuondoa. Dunia hii.

Hoja yake nzuri ilikuwa ya lafudhi. Angalia watoto wa wahamiaji. Wazazi wanaongea kwa lafudhi ya walikotoka maisha yao yote, mtoto anawasikia asubuhi mpaka usiku, lakini anakua anaongea kama watoto wenzie wa mtaani na shuleni. Kama mzazi angekuwa ndo fundi mkuu, mtoto angeongea kama mzazi. Watu wamembishia sana, na mimi sikubaliani naye kwa yote maana anawatoa wazazi kirahisi mno, ila hiyo ya lafudhi sijawahi kupata mtu wa kuijibu vizuri.

Na shinikizo la kundi haliishi utotoni. Solomon Asch miaka ya 50 aliweka watu chumbani wataje mstari upi unalingana na upi, kitu cha wazi kabisa, lakini wote isipokuwa mmoja wamepangwa wajibu uongo. Yule mmoja akawa anafuata uongo wa wenzie kama theluthi ya mara. Watu wazima hao. Ila kumbuka pia robo hivi hawakufuata hata mara moja, na akiwepo mtu mmoja tu wa kusema ukweli pembeni yako, kufuata mkumbo kunashuka vibaya sana. Mmoja tu.

---

Nahodha_mkavu

Hata ile ya magereza ya kuigiza pale Stanford, wanafunzi wa kawaida wakapewa unifomu za askari siku chache tu wakageuka wanyama. Jamii ikikupa nafasi unakuwa hiyo nafasi.

---

BwanaHoja

Hiyo ya 1971 mkuu punguza imani. Ilipangwa wiki 2 ikafungwa siku ya 6, sawa, ila baadae ilikuja kujulikana wale askari walikuwa wameelekezwa wawe wakali, hawakugeuka wenyewe tu, na wengine waligoma kuwa wakali. Ukitaka mfano mzito wa jamii kumjenga mtu nenda kwenye watoto wa Romania.

---

seli_hai

Hapo BwanaHoja umegusa penyewe, ngoja niimalizie maana hiyo ndo iliyonifanya mimi mwenyewe nilegeze msimamo. Baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka 1989 dunia ikaona vituo vya yatima vya Romania, watoto maelfu, wanalishwa, wanabadilishwa nguo, lakini hakuna wa kuwabeba wala kuwaongelesha. Mwaka 2000 watafiti wakaanza kuwafuatilia watoto 136 pale Bucharest, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakabaki kwenye huduma iliyokuwepo, kwa kura. Waliopata familia walikwenda mbele, na kwa mambo mengi, kama kushikamana na mtu na akili, waliopelekwa kabla ya kufika kama miaka 2 walipona zaidi ya waliochelewa.

Jeni walikuwa nazo zote. Chakula walikuwa wanapata. Kilichokosekana ni uso wa mtu unaomwangalia mtoto na kumjibu. Kwahiyo kioo cha Cooley nakiheshimu, @kalamu_butu furahi sasa.

Ila mama_wawili usijilinganishe na hayo, ile ni njaa ya watu, kwako watu wamejaa hadi wageni wanajua jina la mtoto.

---

mtoto_wa_mwisho

Na kuzaliwa wa kwanza au wa mwisho je? Maana kila mtu ananiambia nimedeka kwa sababu ni kitinda mimba.

---

seli_hai

Wamekuonea. 2015 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, nafasi ya kuzaliwa karibu haina mchango wowote kwenye haiba. Umedeka kwa sababu zako mwenyewe.

---

mtoto_wa_mwisho

Ningebaki bila kuuliza.

---

mama_wawili

Wadau narudi baada ya kama wiki 3, niliahidi nitaleta mrejesho.

Madarasa nimeambiwa mpaka mwaka mpya wa masomo. Nyumbani nimepiga marufuku maneno mawili, mpole na mkorofi, na ngumu kuliko watoto ni bibi yao, yeye sasa hivi akitaka kusema mkorofi anasema "yule" na kidole juu, kwahiyo sijui nimepunguza nini. Baba yao ameelewa haraka kwa sababu kumbe na yeye kwao alikuwa "yule". Miaka 9 ya ndoa sikuwahi kujua.

Wa kwanza nimeanza kumuuliza vitu na kusubiri. Yani namuuliza unataka ipi, halafu nanyamaza, hata ikichukua dakika. Juzi alinijibu "sitaki hata moja" na nilifurahi kwa kitu ambacho mwezi uliopita ningeita kiburi.

Wa pili bado hatulii, tusidanganyane, shuleni nimeitwa tena. Ila jana jioni nipo nje naanua nguo nikasikia kitu kimeanguka ndani. Nikajifunga mdomo kwa mkono kabisa, nikasimama nasubiri. Kimya. Halafu akatokea wa pili mlangoni, ameshika vipande viwili vya sahani, mkono huu na mkono huu, akaniangalia, akasema "mama, leo ni mimi kweli".

Nikashindwa nicheke au nigombe.

---

Nahodha_mkavu

Sasa uligomba au hukugomba?

---

mama_wawili

Nilimuuliza amekatwa? Akasema hapana. Nikampa ufagio.